Hosteli yetu Tanga: luku ya 40,000 inaisha siku tisa, halafu mchawi ni mimi ninayesoma usiku!

Wakuu, habari za saa hizi, na wakubwa zangu shikamooni. Leo sitaki mtu aje kuniambia "vumilia dogo, chuo ndivyo kilivyo". Nimevumilia tangu muhula unaanza.

Nakaa hosteli ya mtu binafsi hapa Tanga, upande wa Mabawa. Vyumba 8, kila chumba watu wawili, luku moja. Tunachanga 2,500 kila kichwa, inakuwa 40,000, na mshika hela ni mimi (walinichagua kwa sababu sijui kukataa). Kwa bei tuliyonayo 10,000 inatoa uniti 28, kwa hiyo tunapata kama 112. Awamu iliyopita zimekaa siku tisa. Siku tisa jamani! Na hapo sijagusa kodi ya jengo inayokatwa humohumo kwenye luku, tunamlipia mama mwenye nyumba jengo lake na ukimgusia anaangalia pembeni. Hiyo nitaifungulia uzi wake.

Jumatatu usiku nina tesi kesho yake. Saa sita hivi rimoti ya luku ikaanza kulia, kaitaa kekundu kanawaka na kuzima, uniti 0.9. Nikapita koridoni kuangalia nani anakula umeme saa hizo. Namba 7 kufuli nje. Ndani feni inaunguruma, na ule mwanga wa bluu wa sabufa unapenya chini ya mlango. Mmoja wao yuko kwao Muheza tangu Ijumaa, mwenzake yuko fildi Korogwe. Yaani feni inampepea nani? Godoro? Nilisimama pale nimeshika kufuli kama mwehu. Feni ya wati 60, tangu Ijumaa jioni mpaka usiku ule ni karibu uniti tano. Saa nane giza likaingia, na joto la Tanga mwezi wa pili mnalijua, mbu nao mnawajua. Tesi nimeifanya macho mekundu.

Sasa sikieni kilichonitoa machozi. Jana tumekaa kikao. Jamaa wa namba 3 anasimama, anakohoa kidogo, anasema eti wanaosoma usiku kucha waongeze 500 kila mchango kwa sababu taa zao ndizo zinamaliza umeme. Wenzake wakapiga makofi!

Taa yangu ni ya LED, wati 9. Huyu huyu mheshimiwa anapika maharage kwenye jiko la koili, hayalowekwi, hayafunikwi, masaa matatu yanatokota huku yeye yuko kitandani na simu. Nimeligeuza lile jiko chini limeandikwa wati 1,000. Masaa matatu ni uniti tatu, zaidi ya shilingi 1,000 kwa sufuria moja, na anapika mara mbili tatu kwa wiki. Kwa uniti tatu hizo taa yangu ingewaka siku 13 usiku na mchana bila kuzimwa. Nilimwambia hesabu hiyo mbele ya watu, akanijibu "we msomi sana".

Halafu kuna wale wa hita ya kuchovya kwenye ndoo. Wakuu, maji ya moto ya kuoga, Tanga! Bomba lenyewe mchana linatoa maji ya uvuguvugu. Wati 1,500, dakika 20, nusu uniti imekwenda kwa mtu mmoja kujisikia yuko Lushoto. Wiki juzi mmoja aliisahau, ndoo ikayeyuka ubavu, na bado hajaacha.

Shida ni kwamba watu wanaona taa tu kwa sababu ndiyo inayoonekana. Kinachokula umeme ni chochote kinachotoa joto: jiko, hita, pasi. Ukipiga pasi shati moja moja kila asubuhi, pasi inaanza kupashwa upya kila siku. Piga za wiki nzima Jumapili, unapungukiwa nini?

Mwingine akaleta hoja eti umeme unatoka mkoani kwetu, vituo vya umeme wa maji vya Hale na Pangani vipo, tunabaniana nini. Ndugu yangu, kituo cha Hale kipo tangu 1964 na uwezo wake ni megawati 21, zote zinaingia gridi ya taifa. Hakuna waya uliovutwa kutoka Hale kuja kwenye sabufa yako.

Nimemwomba mama mwenye nyumba atuwekee mita ndogo kila chumba, kila mtu ajue anachokula. Siku hiyo hiyo wangejua kuloweka maharage. Akasema mimi ni mkorofi, waliotangulia hawakuwa hivi.

Kwa hiyo naulizia: mwenye kujua bei ya mita ndogo kwa sasa, na fundi mwaminifu hapa mjini, aniambie. Vyumba vinne wako tayari kuchanga, hata kama mama hatatoa senti. Na anayetaka cheo cha mshika hela aje achukue, daftari lipo.

Nimetoka kuangalia rimoti sasa hivi, uniti 4.2. Na harufu ya maharage nimeshaanza kuisikia.