Ushauri: Jiko gani la kubeba litaweza upepo wa Kondoa na baridi ya Hanang?

Msafiri_Nkuhungu
Habari za jioni wakuu. Naombeni ushauri, ni siku ya tatu silali vizuri kwa jambo hili. Natafuta jiko la kubeba. Tutalala kwenye mahema usiku mmoja upande wa Kolo, Kondoa, tuone michoro ya miambani, halafu twende Katesh tupande Hanang na kulala juu usiku mmoja. Kolo shida ni upepo, mwezi wa saba mnaujua. Hanang shida ni baridi. Nichukue gesi ya vikopo, mafuta ya taa au mkaa? Bajeti ndogo. Tunaondoka Ijumaa ijayo.

Mama_Lishe_Sabasaba
Mkaa mwanangu. Upepo wa Dodoma mimi naushinda kwa debe: nalikata upande mmoja, nalisimamisha linalizunguka jiko, maharage yanaiva bila kupepea. Nilianza na jiko moja na meza ya kuazima, watoto wangu wawili wamesoma kwa debe hilo. Hayo mengine ya kubonyeza bonyeza siyaamini.

Mgogo_wa_Mvumi
Bebeni karanga na ubuyu. Ugali mtaukuta nyumbani.

Kahawa_Chungu
Mafuta ya taa mkuu. Marehemu babu alikuwa na jiko la pampu, likinguruma nyumba nzima inajua chai inakuja. Unalipasha kwanza kwa spiriti, unapampu, na sindano ya kuzibulia haikosekani mfukoni. Baridi hailitishi. Tatizo ni bei. Tangu kodi ipandishwe mwaka 2011 ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli, babu alilifunika kwa kitambaa na hakuliwasha tena.

Fundi_Gesi_Makole
Mleta uzi, tusaidie kwanza. Mko wangapi? Mtapikia nje au ndani ya hema? Na hivyo vikopo ni vile virefu kama vya dawa ya mbu, vinavyolazwa ubavuni mwa jiko?

Msafiri_Nkuhungu
Hatuko wengi sana. Ndiyo, ni hivyo hivyo vya gramu 220 hivi. Nimeambiwa vinafaa mahali popote.

Fundi_Gesi_Makole
Aliyekuambia anauza. Ndani ya vingi vya vikopo hivyo ni butani, na butani huacha kugeuka mvuke baridi ikikaribia nyuzi 0. Mchana Dodoma utalisifia jiko lako. Alfajiri juu ya Hanang utakiona kikopo kizito, ukikitikisa kinacheza, na moto hakuna. Gesi ya mtungi wa nyumbani imechanganywa na propani, ambayo huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, kwa hiyo yenyewe itasukuma hata kwenye baridi ile. Maswali yangu mawili hujayajibu.

Mpishi_wa_Machame
Nami nasubiri majibu. Nimepikia wageni Kilimanjaro miaka mingi, na kule kuni na mkaa haviruhusiwi. Hanang nayo ni hifadhi ya msitu, pitieni ofisi ya hifadhi Katesh kabla hamjawasha chochote. Ule mlima unazidi mita 3,400, maji yatachemka kwenye nyuzi 88 hivi badala ya 100. Mkipeleka maharage mabichi mtalala njaa. Yachemsheni nyumbani yaive kabisa. Haya, mko wangapi ndugu yangu?

Msafiri_Nkuhungu
Tuko 14. Ni vijana wa kwaya, mdogo kuliko wote ana miaka 13, na mimi ndiye kiongozi wao. Majiko mawili ya vikopo nimeshalipia nusu kwa mchango wa wazazi, ndiyo maana sikutaka kusema. Muuzaji ni mtu ninayemfahamu, amenipunguzia, na majiko ni mapya kabisa. Kupikia ndani ya hema nilifikiria upepo ukizidi tu, mlango tungeacha wazi kidogo.

Na mwaka jana tulienda na mkaa. Usiku baridi ilizidi, nikaruhusu jiko liingizwe kwenye hema la wasichana, makaa yamebaki kidogo tu. Alfajiri mmoja akaamka anatapika, kichwa kinamuuma, miguu haimbebi. Tulimtoa nje akapata nafuu. Wazazi wake niliwaambia ni mlima. Ndiyo maana silali.

Jicho_la_Tatu
Wakuu, hii hadithi imetungwa. Mwanzo ni mtu anatafuta jiko. Mara "hatuko wengi". Mara kwaya nzima. Mara binti anatapika. Kesho mtawekewa namba ya simu ya duka la majiko.

Kahawa_Chungu
Hata mimi nimeshtuka. Mtu ana siri nzito hivyo halafu anaanza na bajeti?

Mgogo_wa_Mvumi
Kwaya gani hiyo? Itajwe tuulize.

Mama_Lishe_Sabasaba
Itajwe ili iweje? Binti wa watu azungumzwe mji mzima? Basi tuseme ametunga. Kijana aliyepanga mlango wa pili kwangu hakutungwa. Alilala na jiko la mkaa chumbani kwa ajili ya baridi, asubuhi tukavunja mlango. Nimesema mkaa hapo juu na ninaurudia, lakini ni wa nje. Moshi umekwisha, makaa mekundu mazuri, ndipo sumu yake haina hata harufu. Na wewe kiongozi, kamwambie mama wa yule binti ukweli.

Msafiri_Nkuhungu
Sitaji kwaya wala duka. Sina ninachouza. Yule binti namwona kila Jumapili safu ya mbele, na safari hii amejiandikisha tena.

Mama, nimekusikia. Lakini mafundi, vikopo si naweza kuvitumia Kolo, nje, nikiweka debe la mama kuzunguka?

Fundi_Gesi_Makole
Debe kuzunguka jiko la kikopo, hapana! Kikopo nacho kitakuwa ndani ya joto, kitapasuka. Na sufuria la watu 14 ni pana, litakifunika kikopo na kukichemsha vilevile. Hayo majiko ni ya birika la chai, basi. Kizuizi cha upepo kikae upande unakotoka upepo, mbali kidogo, kikopo kiwe upande wenye hewa.

Kwa idadi yenu chukua mtungi wa kilo 6, lakini sufuria lisikae juu yake, litapinduka. Nunua mpira, reguleta na jiko la chuma la kuweka chini. Paka povu la sabuni kwenye maungio kabla ya kuwasha. Hema lisiguswe na moto wa aina yoyote: gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inalala chini walipolala watoto.

Mpishi_wa_Machame
Mtungi ubebwe wima, kwa zamu, na watu wazima. Uzito wa chuma chake umeandikwa juu yake, jumlisha na gesi kabla hujapanga wabebaji. Kwa baridi wape chai ya tangawizi na chupa ya maji moto kila mmoja aingie nayo kwenye blanketi.

Jicho_la_Tatu
Kama ni kweli, weka risiti ya malipo, ficha majina.

Msafiri_Nkuhungu
Risiti sikupewa. Nimempigia, anasema fedha hairudi. Mtungi sina pa kuutoa kabla ya Ijumaa.

Mama_Lishe_Sabasaba
Ninao wa akiba hauna kazi. Njoo kesho saa mbili asubuhi, uliza kibanda chenye debe lililokatwa. Uje na mzazi mmoja wa hao watoto.

Msafiri_Nkuhungu
Nitakuja na mama yake.