Naomba ushauri: PT (mafunzo kwa vitendo) ya mwaka wa tatu, ofisi kubwa Dar au kiwanda cha sukari Morogoro?

Nuru_EE

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za jioni.

Nasoma uhandisi wa umeme hapa Dar, mwaka wa tatu. Tukimaliza UE (mitihani ya chuo) mwezi wa saba tunaingia PT wiki nane. Ndiyo PT yangu ya mwisho kabla ya mwaka wa nne, na naogopa kuipoteza kama nilivyoipoteza ya mwaka jana.

Mwaka wa kwanza tulikaa karakana ya chuo. Tulipiga tupa hadi viganja vikatoka malengelenge, tukafunga waya za nyumba kwenye mbao, nikafurahi sana. Mwaka wa pili nilipata kampuni moja ya hapa mjini. Wiki nane nimepeleka mafaili, nimetoa fotokopi, nimekaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango. Mafundi wakitoka kwenda kazini naambiwa gari limejaa. Logibuku, lile daftari la kazi za kila siku, niliijaza kwa kuangalia mabango ya mitambo yaliyobandikwa ukutani. Msimamizi akasaini bila kusoma, chuo kikanipa alama ya juu. Alama ile inaniuma mpaka leo. Ukiniambia nichore stata ya nyota-delta, yaani kiwashio cha mota, naichora nikiwa nimefumba macho, lakini kontakta (swichi ya sumaku) iliyo ndani ya paneli sijawahi kuigusa.

Sasa nina barua mbili mkononi. Ya kwanza ni makao makuu ya kampuni kubwa, kitengo cha miradi. Wanatoa nauli na chakula cha mchana, na mimi nakaa kwa shangazi Kimara, kwa hiyo sina gharama. Baba anaitaka hii, anasema jina lile litanifungulia milango. Ya pili ni kiwanda cha sukari mkoani Morogoro, idara ya umeme. Hawatoi chochote, chumba nitafute mwenyewe. Mhandisi niliyeongea naye kwenye simu aliniuliza swali moja tu: "Usiku unaweza kuamka?"

Niko kwenye mkopo wa Bodi, ila nyumbani kuna wadogo zangu wawili wako sekondari na kila nikipata hela huwa nawakatia. Natakiwa kujibu barua zote kabla ya Ijumaa. Nishaurini kwa moyo mmoja.

Fundi wa Gerezani

Nenda kiwandani.

Mimi sina digrii, nasuka mota mwaka wa kumi na tisa huu. Wanachuo wamepita wengi kwenye meza yangu. Kuna mmoja alikuja anajua fomula zote, nikampa mota iliyoungua, stata yake (ile sehemu isiyozunguka, inayobeba koili) ina mifereji 36, nikamwambia ifungue na uandike kabla hujakata hata waya mmoja: koili ngapi, mizunguko mingapi, zinaruka mifereji mingapi, waya unene gani kwa maikromita. Alikaa siku mbili. Siku ya tatu akaniambia, "Kaka, sasa ndiyo nimeelewa kwa nini hii mota ni ya nguzo nne za sumaku." Alikuwa ameisoma darasani miaka miwili kabla.

Kiwanda cha sukari kina mota za kila ukubwa, za pampu, za feni za boila, za mikanda ya kubeba miwa. Utashika.

Kitengo_Usanifu

Naomba nipingane kidogo, na nasema kwa nia njema.

Mhandisi haajiriwi kukaza nati. Kwenye kitengo cha miradi binti huyu atajifunza kusoma mchoro wa laini moja (ramani fupi ya njia za umeme) wa jengo zima, kukokotoa mzigo, kuchagua ukubwa wa kebo kwa kuangalia mkondo na upotevu wa volti, kuandaa mchanganuo wa gharama na kukaa kwenye kikao na mkandarasi. Haya mambo kiwandani hutayaona, kwa sababu kiwanda kilishajengwa zamani, kazi yao ni kukiweka hai. Mimi nilifanya PT yangu ofisini na leo nasanifu umeme wa hospitali. Nilipoanza kazi, ile miezi miwili ya kukaa pembeni ya mtu anayesanifu ndiyo iliyonibeba.

Na jina la kampuni lina uzito kwenye usaili, tusidanganyane.

Mzee wa Laini 33

Marahaba binti yangu. Nimestaafu sasa, maisha yangu yote nimekuwa kwenye laini za kilovolti 33 na 11, na vituo vya kupozea umeme.

Kijana wa usanifu amesema ukweli. Ofisi nzuri ni darasa kubwa. Ila ofisi ile ile inaweza kuwa darasa kwa mmoja na kiti cha mlangoni kwa mwingine, kutegemea nani amekupokea. Kwa hiyo usichague kwa jina wala kwa posho kabla hujajua hilo. Kesho asubuhi wapigie simu wote wawili, uliza mambo matatu: nitakuwa chini ya nani kwa jina, wiki ya kwanza nitafanya nini, na hivi sasa mna kazi gani mezani. Anayekutaka kweli atakuwa na majibu. Asiyekutaka atasema "ukija tutaona".

Nikuongezee jambo la kiwanda cha sukari ambalo wengi hawalijui. Pale hakuna umeme wa kutumia tu, kuna wa kuzalisha. Makapi ya miwa yakishakamuliwa yanachomwa kwenye boila, mvuke unazungusha tabaini, tabaini inazungusha jenereta, halafu mvuke uliotoka hapo unaenda kuchemshia juisi ya miwa. Hautupwi. Sasa jenereta ile ikitaka kuunganishwa na gridi, vitu vinne lazima vilingane: volti, masafa, mfuatano wa fezi na pembe. Mtu anasimama mbele ya sinkroskopu, saa inayoonyesha kama jenereta na gridi zinakwenda pamoja, mshale unazunguka polepole, anangoja ufike juu ndipo anafunga breka. Ukifunga mshale ukiwa chini, shafti ile inapata kishindo cha kuweza kuipasua. Mimi niliyaona haya nikiwa tayari nimeajiriwa. Wewe una nafasi ya kuyaona ukiwa mwanafunzi.

Na mwezi wa saba ni msimu wa kusaga. Ungeenda wakati wa mvua za masika ungekuta kiwanda kimesimama, mashine zimefunguliwa kwa matengenezo makubwa. Hapo nako kuna faida yake, unaona matumbo ya kila kitu. Lakini msimu wa kusaga ndio unaomfundisha mtu kutafuta hitilafu, maana miwa iliyokatwa haingoji, utamu wake unapungua kila saa. Ndiyo maana amekuuliza habari ya usiku.

Nuru_EE

Mzee wangu, asante sana. Nimesoma mara tatu. Kesho napiga simu.

Otieno_Eldi

Salamu kutoka Eldoret. Huku kwetu tunaiita atachimenti. Kitu kimoja sijaona mtu amesema: bima. Huku waajiri wengi hawakupokei bila kuonyesha bima ya ajali ya kipindi hicho. Uliza chuo chako kama wanakukatia ama unakata mwenyewe, kabla hujagusa mtambo wowote.

Mama Wawili

Mdogo wangu Nuru, mimi ni mhandisi wa matengenezo kiwandani, mwanamke, mwaka wa kumi na moja. Wanaume hapa wamekushauri vizuri kuhusu mitambo. Mimi nikuambie mengine.

Chumba utafute upande ambao wafanyakazi wa zamu wanapitiwa na gari la kiwanda. Uliza kabla, gari hilo linashusha wapi saa nne usiku. Usikubali chumba cha bei rahisi kilicho kilomita mbili ndani ya mashamba. Siku ya kwanza muombe mhandisi wako akutambulishe kwa afisa wa usalama na kwa mwanamke yeyote mwenye cheo pale, hata kama ni wa maabara au utumishi. Mtu akikusumbua, unakwenda kwa huyo siku hiyo hiyo, hungoji PT iishe.

Nguo: ovaroli inayokutosha, siyo ya kaka yako iliyokunjwa mikono. Mkono uliolegea unavutwa na shafti. Nywele ndani ya kofia. Hereni, pete, bangili, acha nyumbani. Buti nunua zako mapema, maana za saizi ya miguu yetu stoo huwa hazipo.

Halafu umeme wenyewe. Ukiambiwa "tumezima", usiamini maneno, hata yangu. Weka kufuli lako kwenye swichi, ufunguo uwe mfukoni mwako, siyo mwa fundi. Chukua tesita, ijaribu kwanza mahali penye umeme uone inafanya kazi, pima unapotaka kushika, kisha rudi uijaribu tena pale penye umeme. Tesita iliyokufa inakuambia hakuna umeme kila mahali. Kwenye inveta za kuendeshea mota, ukishazima bado kuna kapasita ndani zimebeba umeme. Soma dakika zilizoandikwa kwenye kava na uzisubiri zote. Na kwenye paneli za vipimo usifungue kamwe waya za sekondari za transfoma ya mkondo wakati laini ina mzigo. Zikibaki wazi, volti inapanda ghafla kiasi cha kuua. Nimemzika mwenzangu kwa kosa dogo kuliko hilo. Nakuandikia haya nikiwa namkumbuka.

Fundi wa Gerezani

Dada, pole sana. Maneno haya niliyatafuta siku nyingi namna ya kuwaeleza vijana wangu. Nayaandika ukutani.

Mzee wa Laini 33

Nimesahau la logibuku. Binti, ukishahitimu utajisajili Bodi ya Usajili wa Wahandisi kama mhandisi mhitimu, na kuna mpango wa mafunzo kazini wa miaka mitatu, SEAP, kabla ya kufikia uhandisi kamili. Huko nako kuna kuandika kazi zako na kusimamiwa. Anza tabia hiyo sasa. Kila siku andika hitilafu moja: dalili, ulichodhani, ulichopima, namba uliyopata, chanzo. Hata siku uliyodhani vibaya, hasa hiyo. Na ukiwa Morogoro, kiombe chuo barua ukatembelee kituo cha umeme wa maji cha Kidatu. Megawati 204, mashine nne, na sehemu ya maji yale imeshazalisha umeme kituo cha Mtera kabla ya kufika pale.

Nuru_EE

Nimepiga simu.

Ofisini nilipokewa na mtu wa utumishi, mpole kabisa. Nilipouliza nitakuwa chini ya nani akasema watapanga nikishafika. Nilipouliza kazi iliyopo akasema hayuko upande wa ufundi. Sikumlaumu.

Kiwandani yule mhandisi alicheka, akasema hajawahi kuulizwa hivyo na mwanafunzi. Akanitajia msimamizi wa zamu kwa jina. Wiki ya kwanza ni usalama na kutembea na mchoro mkononi, kiwanda kizima, nioneshe kila paneli iko wapi. Kazi waliyo nayo sasa: wanabadilisha stata za nyota-delta za pampu mbili kwenda inveta. Akaniuliza, "Kwa nini tunazibadilisha?" Nikamjibu kwamba nyota-delta inapunguza mkondo wa kuanzia hadi theluthi moja, ila na nguvu ya mzunguko inabaki theluthi, na baada ya hapo mota inakimbia kasi moja tu. Akasema, "Njoo."

Jioni nilimpigia baba, nikamsomea alichoandika Mzee na alichoandika Mama Wawili, neno kwa neno. Alinyamaza sana pale pa kufuli. Kisha akauliza buti zinauzwa shilingi ngapi.

Kitengo_Usanifu

Hongera dada. Kwa jibu hilo la "tutapanga ukishafika" hata mimi ningeenda Morogoro. Ukirudi nitafute kwa ujumbe wa faragha, mwaka wa nne ukifanya mradi wako nitakufundisha kuchagua kebo na kusoma michoro ya majengo. Jumamosi huwa nina nafasi.

Nuru_EE

Habari zenu wapendwa. Ni wiki ya tatu sasa. Stendi ya Msamvu nilishushwa saa tano asubuhi na begi na ndoo, chumba nimepata kwa mama mmoja ambaye mwanawe yuko zamu moja na mimi. Mengi nitayaeleza nikipata muda, ila leo nina swali, hasa kwa kaka Fundi.

Pampu ya kilowati 55 imekataa, inakata kila ikiwashwa. Tumezima, kufuli langu likawekwa, ufunguo ninao mimi. Tumepima kwa megga (kipimo cha uzima wa insulesheni ya waya) kutokea kwenye paneli: kila fezi kwa athi inasoma megaohm 0.3. Fundi wa zamu anataka tuitoe mota ipelekwe kusukwa. Mimi moyo unasita, ilifanya kazi vizuri jana hadi mvua ya usiku. Nimwambieje bila kumkosea heshima?

Fundi wa Gerezani

Usimwambie kitu. Mwombe umalizie kipimo kwa ajili ya logibuku yako. Fungua boksi la mota, toa kebo kwenye vituo vyake, toa na vile vipande vya chuma vinavyounganisha koili kwa nyota au delta. Pima mota peke yake, halafu kebo peke yake. Ukipima kutoka kwenye paneli umepima vyote viwili kwa pamoja, huwezi kujua mgonjwa ni nani. Kwa mota ya volti 400 mimi siiwashi chini ya megaohm moja, na nzuri iliyokauka inasoma mamia.

Nuru_EE

Mota: zaidi ya 200. Kebo: 0.3.

Tumefungua glandi, pale kebo inapoingilia, upande wa pampu, maji yametiririka hadi kwenye buti zangu. Fundi ameenda stoo kuchukua kebo mpya na ameniachia mimi kukata ncha na kufunga vishikizo. Ni saa nane usiku. Narudi kazini.