Bunduki ya wenzo: risasi zinapanda mtutu ukipata moto

Swali: Bunduki yangu ya wenzo hutumia risasi za .30-30. Mtutu ukiwa baridi, risasi tatu zinakaa pamoja kwa mita 100. Kuanzia ya nne zinapanda, hadi sentimita 12. Skrubu za darubini zimekaza. Nianzie wapi?

Jibu: Anzia kwenye bendi za mtutu, yaani pete zinazoushika pamoja na neli ya magazini. Toa risasi zote, chungulia chemba na magazini, ndipo ufungue. Mtutu ukipata moto hurefuka, neli ya magazini chini yake hairefuki sawa. Vikibanwa pamoja, mtutu unapinda. Tazama ndani ya mbao ya mbele: palipong'aa ndipo panapogusa. Piga msasa namba 320 kidogo kidogo, hadi karatasi ipite kati ya mbao na mtutu bila kukwama. Usiharakishe tafadhali, mbao ikishaliwa hairudi!

Jibu: Kabla ya msasa, pima kwanza. Piga risasi moja kila baada ya dakika tano. Zikiacha kupanda, ni joto. Zikiendelea, kagua skrubu ya kitako. Mfuko wa mchanga ukae chini ya mbao, kamwe usiwe chini ya mtutu. Pia jaza risasi mbilimbili, kwani uzito ndani ya neli nao husogeza shabaha.

Muulizaji: Mbao imeng'aa upande wa kushoto, karibu na bendi. Naanza na kipimo cha dakika tano.