Globe, Almagro, Drottningholm au Epidaurus? Jumba gani la kale lina la kutufundisha kwa ua wa Ngome ya Lamu

Mkunguni (mwenye mada)

Assalamu alaykum. Ngome ya Lamu ilianza kujengwa mnamo 1813 ikamalizika 1821, ikawa jela kutoka 1910 hadi 1984. Ua wake haukutengenezewa michezo ya kuigiza, lakini ukiutazama una kila kitu: kuta nne nene za matumbawe na chokaa, anga wazi juu, na roshani inayouzunguka. Hapa tunazungumzia mchezo wa Kiswahili tunaotaka kuuchezea humo, wa usiku, bila spika.

Kabla hatujanunua hata ubao mmoja, tulinganishe majumba ya kale ambayo bado yanachezewa hadi leo. Nataka mambo manne: sauti, kuona, jua na mvua, moto. Sifa za watalii tuwaachie watalii. Toeni vipimo.

FundiMaboriti

Wa alaykum salaam. Mimi naanza na Globe ya London, jumba la michezo la kundi la Shakespeare, kwa sababu asili yake ni ua. Kabla ya kujengwa majumba, makundi ya Uingereza yalicheza kwenye nyua za nyumba za wageni: wa pesa ndogo wamesimama chini, wa pesa nene wamekaa roshanini. Globe ya 1599 ni ua huohuo uliofanywa mviringo. Iliyopo leo ilijengwa upya karibu na kiwanja cha asili na kufunguliwa 1997. Mbao ni mwaloni mbichi ulioungwa kwa vigingi vya mti. Ukuta ni chokaa iliyotiwa manyoya ya mbuzi, maana nyuzi huishika isipasuke ikikauka. Paa ni matete.

Kuona: jukwaa lina kimo cha kama mita moja na nusu, kwa hiyo aliyesimama mbele anaweka viwiko juu ya ubao. Uani wanaingia takriban watu 700, na ndiyo tiketi rahisi kuliko zote. Kasoro ni zile nguzo mbili zinazobeba paa la jukwaa. Ukikaa pembeni, nguzo inakula nusu ya mchezo, na vyumba vya heshima vilivyo ubavuni vinakuonyesha migongo. Anayeweza kulipia kiti achukue roshani ya kati, inayotazama jukwaa moja kwa moja, na akodi mto, kwa sababu mabenchi hayana mgongo.

Mvua: paa linafunika roshani na jukwaa, ua uko wazi. Mchezo hausimami. Mwavuli ni marufuku kwa sababu unaziba walio nyuma, kwa hiyo ni koti la mvua au ulowe.

Moto: tarehe 29 Juni 1613 walifyatua mzinga katikati ya mchezo, cheche zikaingia kwenye paa la nyasi, jumba lote likateketea. Hakufa mtu. Suruali ya mmoja ilishika moto akazimwa kwa pombe aliyokuwa nayo. Paa la sasa lina mabomba ya kunyunyiza maji kwenye kilele, na ndilo paa la kwanza la nyasi kuruhusiwa London tangu moto mkubwa wa 1666. Anayetaka kutuezekea kibanda cha makuti juu ya jukwaa letu na kuweka taa za mafuta chini yake aisome aya hii mara mbili.

Nyongeza: mwaka 2012 wasanii kutoka Kenya walicheza hapo tamthilia ya Shakespeare, The Merry Wives of Windsor, kwa Kiswahili, katika tamasha la tamthilia 37 kwa lugha 37. Bila maikrofoni.

BintiLangoni

Fundi, Globe ni duara na sisi tuna mraba. Hapo ndipo mlinganisho unapokatika. Jumba linalofanana na letu liko Hispania, mji wa Almagro: Corral de Comedias ya 1628. Lilizibwa likageuzwa nyumba ya wageni, likasahaulika, likagunduliwa tena miaka ya 1950. Ndilo pekee la aina yake na zama zake lililobaki zima na bado linachezewa, hasa Julai wakati wa tamasha la tamthilia za kale.

Tazama mpango wake. Unaingia kupitia njia nyembamba iliyoezekwa, kama daka la nyumba ya Kiamu, halafu ghafla ua unafunguka. Kuna kisima uani. Roshani za mbao zimezunguka, zimebebwa na nguzo zilizopakwa rangi nyekundu ya udongo. Jukwaa limekaa upande mmoja wa ukuta, halikuingizwa katikati. Hili la mwisho ndilo kubwa kwetu. Globe inamzungushia mwigizaji watu pande tatu, na bila spika kila anapogeuka theluthi ya watu inapoteza maneno. Almagro ukuta uko nyuma yake, sauti yote inakwenda mbele.

Halafu mpangilio wa watu. Nyua za Hispania ziliwatenga wanawake kwenye sehemu yao iliyotazamana na jukwaa, ikiitwa cazuela, yaani chungu, kwa jinsi walivyobanwa. Wanawake wa Lamu wengi watapenda roshani ya juu kuliko kubanana uani na vijana. Basi wapewe upande unaotazamana na jukwaa, ambao ndio bora. Tusiwape ubavuni kwa mazoea.

Jua: walitandaza turubai juu ya ua mchana. Wenye tanga hapa mnajua hiyo ni kazi ya dakika kumi.

Nahodha_wa_Mbao

Dakika kumi wakati wa matlai, Bi Langoni. Kusi likishika turubai la ukubwa huo juu ya kuta za ngome, litang'oa kitu. Tena linapiga: turubai linalopigapiga linameza sauti ya mwigizaji hata kama upepo wenyewe hamuusikii chini. Kwa mchezo wa usiku lishushwe kabisa. Kwa mazoezi ya mchana liachwe na tumbo kwa chini. Likivimba juu kama kuba, linakusanya sauti na kuimwaga sehemu moja. Likilegea chini linaitawanya.

Kura yangu ni Drottningholm, Uswidi, kisiwani karibu na Stockholm. Najua halina ua. Ni jumba la mbao la 1766, lakini anayejua kamba ataona jahazi lililogeuzwa ndani nje. Chini ya jukwaa kuna duara la kusukumwa na watu, kama lile la kuvutia nanga. Likizungushwa, vipande vya mandhari pande zote mbili vinaingia na kutoka kwa pamoja, msitu unakuwa kasri kwa sekunde chache mbele ya macho yako. Bahari ni magogo ya mbao yaliyochongwa msokoto, yanazungushwa kwa mkono. Radi ni sanduku la mbao lenye mawe ndani.

Vyote hivyo vimebaki kwa sababu jumba lilisahaulika. Mfalme Gustav III aliuawa 1792, shughuli zikafa, pakawa stoo hadi 1921. Hakuna aliyekuja kuweka mashine mpya.

Uongo mtamu wa pale: mapambo ya marumaru ni karatasi iliyogandishwa, plasta na rangi. Ubaya: hakuna joto ndani, kwa hiyo ni kiangazi tu. Anayekwenda achukue boti kutoka mjini.

MalindiMoja

Mmeisahau Epidaurus, Ugiriki, karne ya 4 kabla ya Kristo. Safu 55 za mawe, watu wapata 14,000, hakuna ukuta wala paa. Wanaosema bila kuta sauti inapotea waje hapa. Mteremko ni mkali, kama nyuzi 26, kwa hiyo hakuna kichwa kinachoziba sauti wala macho, na sakafu ngumu ya duara chini inarudisha sauti juu. Utafiti wa Marekani wa 2007 ulionyesha kuwa ngazi za mawe zinapunguza ngurumo nzito, kama za upepo, na kuacha sauti nyembamba za maneno.

Msidanganywe na waongoza watalii, lakini. Watafiti wa Uholanzi walipima wakachapisha 2017: mnong'ono hauwafikii walio juu kwa namna ya kueleweka. Mwigizaji lazima atoe sauti. Na viatu vya visigino haviruhusiwi, vinakwaruza mawe.

BintiLangoni

Kaka wa Malindi, nakubali kila neno, ila mteremko wa nyuzi 26 tutautoa wapi? Ngome haina kilima ndani.

MalindiMoja

Kilima hamna, ngazi mnaweza. Safu ya kwanza mikeka, ya pili mabenchi mafupi, ya tatu viti, ya nne wasimame. Kila safu ipande angalau sentimita 12 juu ya ile ya mbele, ndipo macho yapite juu ya kichwa. Na watu wakiwa mikekani, jukwaa la mita moja na nusu ni adhabu ya shingo. Sentimita 50 zinatosha.

Kaskazi

Kwa walioko karibu: Ngome Kongwe ya Zanzibar ina ngazi za mawe ndani ya kuta, zilizoongezwa miaka ya 1990. Nzuri kwa muziki na filamu, ila huko kazi yote inabebwa na spika. Ukumbi wa Taifa Nairobi ni wa 1952, ulikarabatiwa ukafunguliwa tena 2015. Una pazia na paa. Vyote viwili si mfano kwa mchezo wa sauti tupu chini ya anga.

Mkunguni

Shukrani. Bi Langoni karibu anishawishi. Lakini Almagro kuna mbao kila mahali, na kwetu ni chokaa ngumu pande nne. Sauti haitadunda?

FundiMaboriti

Itadunda. Kapime. Simama katikati ya ua mtupu, piga kofi moja kavu. Ukisikia "trrr" badala ya "ta", sauti inakwenda na kurudi kati ya kuta mbili zinazotazamana. Hesabu yake: sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde. Mwangwi uliosafiri mita 17 au zaidi kuliko sauti ya moja kwa moja unafika umechelewa, na silabi zinaanza kupandana. Kwa hiyo ukuta ulio mita nane au tisa nyuma ya msikilizaji unatosha kuharibu. Ukuta ulio mita moja nyuma ya mwigizaji unamsaidia, kwa kuwa mwangwi wake unafika karibu pamoja na sauti yenyewe. Ndiyo maana namkubalia Bi Langoni kuhusu jukwaa la ukutani, ingawa sikupenda kukubali.

Dawa ni kuvunja mwangwi wa ukuta mmoja tu, ule unaotazamana na jukwaa. Shuka nyepesi na leso hazifanyi kitu. Chukua mablanketi mazito au mikeka mara mbili, uning'inize kutoka kwenye ukingo wa roshani, na uache nafasi ya sentimita 10 kutoka ukutani. Watu wenyewe ni blanketi bora: ua uliojaa utasikika tofauti kabisa na ule wa mazoezi, basi waigizaji wasizoee kupiga kelele.

Misumari kwenye plasta ni marufuku. Jengo ni la urithi, liko chini ya Makavazi ya Taifa, ruhusa iombwe kwa maandishi pamoja na mchoro wa kila kitakachofungwa.

Mwanashela

Moto mmeugusa juujuu. Jumba la Iroquois, Chicago, lilitangazwa kuwa haliungui. Tarehe 30 Desemba 1903 walikufa watu zaidi ya 600. Pazia la kuzuia moto lilikwama njiani, milango mingine ilikuwa imefungwa, mingine ina komeo ambalo watu hawakulijua. Ua wa ngome unategemea lango kubwa. Lifungwe wazi kwa kamba kabla ya mtu wa kwanza kuingia, asikae mtu njiani, na idadi ya watu ihesabiwe kwa upana wa lango, si kwa ukubwa wa ua.

Nahodha_wa_Mbao

Kweli tupu. Taa ziwe za betri. Zamani majumba makubwa ya Ulaya yalimulika jukwaa kwa kuchoma kipande cha chokaa mbichi kwa gesi mpaka king'are. Covent Garden ya London ilianza 1837. Chokaa Lamu tunayo, lakini ibaki ukutani.

Mkunguni

Radi ya sanduku je, inawezekana? Mchezo una dhoruba.

Nahodha_wa_Mbao

Inawezekana. Sanduku la mbao nene, urefu mita moja, mawe kumi hadi kumi na tano ya ukubwa wa ngumi. Lifunge kamba katikati juu, lining'inie, mtu mmoja aliinamishe taratibu upande mmoja kisha mwingine. Ukilitikisa haraka utapata sauti ya gari bovu. Bristol, Uingereza, jumba lao la michezo la 1766 lina mfereji wa mbao juu ya dari wa kubingirishia mipira ya chuma, wakaufufua 2016. Sisi tusibingirishe kitu juu ya roshani: boriti zitatetema na plasta itawashukia watu vichwani. Liweke nyuma ya jukwaa, kwenye kiunzi chake chenyewe, kapi moja na pima nne za katani. Na anzeni saa mbili na nusu, isha ikishatoka, la sivyo adhana itawakuta katikati ya dhoruba.