IST ya 2004 inakunywa mafuta sana siku hizi, nianzie wapi?

Tegeta_Kibaoni
Wakuu habari za wikiendi. Nina IST ya 2004, injini ile ya 1.3 (2NZ), niliichukua kwa mtu hapa hapa Dar, sio kwamba niliagiza Japani. Mwanzo ilikuwa poa ila sasa wese linaisha kabla sijajua limeishaje. Ruti yangu ni Tegeta – Posta na kurudi, foleni yake mnaijua. Nikipiga hesabu ya juu juu naona inacheza kilomita 8 kwa lita, na kuna jamaa yangu ana IST hiyo hiyo anapita njia hiyo hiyo anapata 12. Taa ya cheki injini haiwaki. Fundi wa kwanza kasema injekta (zile zinazonyunyiza petroli kwenye injini) zote zimekufa pamoja na pampu, wa pili kasema gari ya miaka 20 ndivyo ilivyo nizoee au niuze. Oili namwaga kwa wakati, plagi aliyeniuzia alisema kaweka mpya. Halafu kuna kitu sijui kama kinahusiana, ile taa ya bluu kwenye dashibodi asubuhi inachelewa kuzima, nafika Africana bado inawaka, na usiku barabara ikiwa nyeupe kuna muda inarudi. Nisaidieni kabla sijaingia gharama maana hela ya kubahatisha sina.

MzeeWaPwani
Uza mkuu chukua haibridi, utanishukuru.

Spana17
@MzeeWaPwani na betri ya haibridi ikichoka utamnunulia wewe? Acha gari ya watu.

Mkuu Tegeta, kwanza hiyo hesabu ya juu juu iache, mshale wa mafuta sio mizani. Jaza fulu tenki, pampu ikikata yenyewe mara ya kwanza mwambie mhudumu asiongeze hata tone, andika odometa, tembea mizunguko yako ya kawaida mpaka ishuke chini ya nusu, halafu rudi kituo kile kile na pampu ile ile ujaze tena mpaka ikate. Kilomita ulizotembea gawa kwa lita ulizojaza. Rudia ili upate wastani, ukipima mara moja tu foleni ya siku moja inaweza kukudanganya. Bila namba hiyo utabadilisha vitu na hutajua kipi kilisaidia.

Sasa hiyo taa ya bluu. Wewe unaiona kitu kidogo ila kwangu ndio habari yenyewe. Taa hiyo inasema injini bado ya baridi, na kwa joto la Dar inatakiwa izime dakika chache tu baada ya kuondoka. Ikichelewa hivyo, na ikirudi ukiwa kwenye mwendo, asilimia kubwa themostati (valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto) imeng'olewa au imekwama wazi. Kuna mafundi wengi mjini gari ikichemsha tu kitu cha kwanza wanang'oa themostati wanatupa, wanakwambia hii nchi ya joto haihitajiki. Joto la nje ni 30 na kidogo, injini yenyewe inataka zaidi ya 80, hiyo 30 haiisaidii kitu. Bila themostati maji yanazunguka kwenye rejeta muda wote, injini haipati joto lake, sensa inaiambia kompyuta bado baridi, kompyuta inaongeza petroli kama vile ndio umewasha asubuhi. Na gia boksi ya otomatiki nayo inachelewa kufunga gia ya juu mpaka injini ipate moto. Taa ya cheki injini inaweza isiwake kabisa, kwa hiyo usiitegemee hiyo.

Injekta na pampu usiguse kwanza. Fundi anayetaja injekta nne bila kupima chochote ana injekta za kuuza.

Iringa_Mjini
Mimi mbinu yangu ni rahisi, mteremko wowote naweka nyutro gari inaserereka yenyewe, Kitonga nzima nashuka bila kula wese.

Spana17
@Iringa_Mjini ndugu yangu Kitonga na nyutro?? Malori yanayoanguka pale huyaoni? Kwanza hata wese huokoi. Gari ya injekta ukiachia ekseleta ikiwa kwenye gia, kompyuta inakata petroli kabisa, magurudumu ndio yanaizungusha injini. Ukiweka nyutro injini inabidi ijizungushe yenyewe, kwa hiyo inakunywa ya sailensa, yaani ile ya kuunguruma bila kukanyaga ekseleta, na juu yake breki zote umeziachia kazi ya mlima mzima. Hiyo ilikuwa ya enzi za kabureta.

ProboxNairobi
Sasa wakuu. Hiyo injini ni ndugu ya hii 1NZ ya Probox yangu, huku Nairobi wamakanika nao wanapenda kutoa themostati sana, nakubaliana na Spana. Lakini niongeze mambo mawili ambayo ni ya bure. Angalia stika iko kwa mlango wa dereva, hapo kwa nguzo, imeandika presha ya tairi, mara nyingi ni kwa kPa, ukiona 220 hiyo ni kama 32 psi. Usiulize mtu wa tairi "weka ya kawaida", kawaida yake ni ile anawekea hata matatu. Na upime tairi zikiwa baridi.

Ya pili breki. Ukitoka safari fupi bila kukanyaga breki sana, karibisha mkono kwa kila rimu, usishike chuma utaungua. Kama moja inatoa moto kuliko zile zingine hiyo kalipa (ile inabana pedi za breki) imeshika, pini zimekauka au pistoni hairudi. Yangu ilikuwa ya mbele kushoto, ukiinua jeki gurudumu halitaki kuzunguka, na gari ilikuwa inahisi tu nzito kidogo, hakuna kelele. Kusafisha pini na kupaka grisi ya breki ni kazi ndogo. Hendibreki ya ngoma za nyuma pia huwa inakazwa kupita kiasi.

Mama_Kigamboni
Na kile kitufe cha ovadraivu pembeni ya gia jamani. Kuna watu wanatembea mwaka mzima O/D OFF inawaka kwenye dashibodi wanadhani ni pambo, gia ya nne haiingii, ukifika hamsini na kitu injini inalia tu. Gari ya mdogo wangu ilikuwa hivyo.

Pia uliza wanakuwekea oili gani. Hizi NZ zimetengenezwa kwa oili nyepesi, 5W-30, na ukibadilisha na filta inaingia kama lita 3.7, sio galoni nzima mpaka imwagike. Wengi wanapewa 20W-50 kwa sababu "gari ya zamani". Kama haili oili na haitoi moshi hiyo nzito ya nini?

Tegeta_Kibaoni
Wakuu asanteni sana. O/D iko sawa, presha ya tairi ilikuwa psi 26 zote. Nimeenda gereji nyingine, tumefungua ile nyumba ya themostati na kweli ndani hakuna kitu, tupu kabisa. Na jamaa kanionyesha feni ya rejeta imepigwa dairekti, ukiweka swichi tu inazunguka hata injini ikiwa ya baridi. Maji yaliyotoka ni ya kahawia kama chai. Fundi anasema nilete themostati aifunge leo leo. Nifunge?

MzeeWaPwani
Mimi nilisema uza. Hapo pia badilisha kituo cha mafuta, wanachakachua.

Spana17
@MzeeWaPwani kuchakachua kupo ila siku hizi mafuta yanawekewa vinasaba (alama ya siri ya kuyatambua), na toka 2011 kodi ya mafuta ya taa ilipopandishwa ile faida ya kuchanganya imepungua sana. Themostati haipo umeona mwenyewe, unatafuta nini kituoni.

@Tegeta usifunge leo. Aliyeing'oa alikuwa anakimbia kuchemsha, na aliyepiga feni dairekti hivyo hivyo, ukirudisha themostati bila kujua kwa nini ilitolewa utaunguza gasketi ya silinda hedi na hapo IST utaichukia. Fuata hivi: safisha mfumo mpaka maji yatoke meupe, rejeta ikaguliwe kama haijaziba, kwa kahawia hiyo nina wasiwasi nayo, mfuniko wa rejeta nunua mpya, kisha feni irudishwe kwenye sensa na rilei (swichi ya umeme) yake. Weka kulanti (maji maalumu ya rejeta yasiyoleta kutu), maji ya bomba ndio yaliyokuletea hiyo chai.

Themostati yenyewe tafuta orijino hata kama ni ya kuzunguka Kariakoo, iwe imegongwa 82. Kabla hujafunga iweke kwenye sufuria ya maji na kipimajoto, ining'inize isiguse chini, kwenye 82 hivi uione inaanza kufunguka, ikipoa ifunge kabisa. Feki nyingi hufeli hapo jikoni. Wakati wa kufunga kile kivalvu kidogo cha kutolea hewa kikae juu, halafu washa gari mfuniko ukiwa wazi mpaka mapovu yaishe, hita weka ya moto. Plagi nazo zichomolewe siku hiyo hiyo, kama zina masizi meusi makavu ni ile petroli ya ziada, nafasi iwe milimita 1.1.

Ukimaliza jaza fulu tenki upya ndio uanze kuhesabu.

Tegeta_Kibaoni
Sawa mkuu. Rejeta naipeleka kesho kwa wale wa kuzibua, ikishindikana nitauliza bei ya mtumba Ilala. Kuna mwenye uzoefu, nichukue ya shaba au hizi za alumini?