Kamusi ipi ya misimu ya Kiingereza inamfaa mfasiri?

Mfasiri_Tanga: Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri kabla sijatoa fedha. Vijana wanazua maneno ya Kiingereza kila uchao, na kamusi yangu ya kawaida haiyafahamu. Nimevutiwa na ile ya Jonathon Green, iliyotoka mwaka 2010 kwa juzuu tatu, na New Partridge ya mwaka 2005. Wapo wanaoniambia tovuti ya Urban Dictionary, isiyolipiwa, inatosha. Nichukue ipi?

Mhariri_Mkuu: Kwa kazi gani, ndugu? Hujasema unafasiri nini, Kiingereza cha wapi, wala una kiasi gani mfukoni. Hata hivyo, juzuu za Green usizinunue kabla hujatazama toleo lake la mtandaoni, ambalo linasomwa bure na linaonyesha neno lilivyotumika mwaka baada ya mwaka.

BintiMvita: Swali la nchi ndilo lililoniponza. Nilipewa manukuu ya filamu fupi ya vijana wa London, na humo kijana mmoja anaeleza kwamba amefukuzwa nyumbani, naye rafiki yake anamjibu, "That's peak." Nilitafuta kwenye Urban Dictionary, nikakuta maelezo ya mtu aliyesema neno hilo ni sifa ya kitu kilichofikia kilele cha uzuri, nami nikaandika, "Hiyo ni bora kabisa." Ukumbi mzima ulicheka mahali palipopaswa kuwa kimya. Baadaye nilielezwa kwamba kwa vijana wa London neno hilo humaanisha balaa, na mteja akanikata sehemu ya malipo.

MzeeWaFasihi: Pole, binti yangu, lakini usiitupe tovuti hiyo. Tangu mwaka 1999 maana zake huandikwa na watumiaji wenyewe na kupigiwa kura, na kura nyingi huenda kwa mzaha kuliko usahihi. Hata hivyo, "rizz", neno la mwaka 2023 la Oxford, limenyofolewa katikati ya "charisma", yaani mvuto wa mtu; kitabu cha mwaka 2010 kingelijuaje?

Mhariri_Mkuu: Mzee, maneno ya namna hiyo hayahitaji kamusi bali sikio. "Hangry" ni njaa iliyoungana na hasira. Mimi ningeandika "njasira" na msomaji angeelewa.

MzeeWaFasihi: Angedhani ni jina la mdudu.

BintiMvita: Mbona "chajio" na "chamcha" tumezikubali, nazo zimeundwa kwa kukata na kuunga vilevile, kama Waingereza walivyofanya na "brunch"?

MzeeWaFasihi: Chamcha nimeikubali kwenye sahani tu. Kwenye maandishi bado naandika chakula cha mchana.

Mfasiri_Tanga: Samahani kwa kuchelewa kujibu. Ni tamthilia ya vijana, yenye wahusika wa Atlanta, Marekani, na wengine wa London, na inatakiwa mwisho wa mwezi. Je, New Partridge inatenganisha misimu ya nchi hizo mbili?

Mhariri_Mkuu: Inataja nchi, ila neno lililozuliwa baada ya mwaka 2005 usilitafute humo. Na bajeti bado hujaitaja.