Umeme umerudi serikalini: mwekezaji alitufaa au alitula?

Fundi wa kuchomelea, Busia (mtoa mada)
Mkataba wa miaka 20 wa Umeme, kampuni binafsi iliyosambaza stima hapa Uganda, uliisha 31 Machi 2025, na kesho yake nguzo, nyaya na mita zikaingia mikononi mwa UEDCL, kampuni ya serikali. Hapa Busia kuna walioshangilia kana kwamba tumepata uhuru mara ya pili. Mimi sikushangilia.

Nasema mapema nilipo, msije mkanivizia: naamini biashara iachiwe wafanyabiashara. Mwaka 2005 kampuni ilipoanza, zaidi ya theluthi moja ya stima ilipotea njiani, nyingine kwa nyaya chakavu, nyingine kwa mikono ya kamyufu, vishoka wanaounganishia watu stima kwa wizi. Ilipoondoka, upotevu ulikuwa umeshuka chini ya asilimia 20, na wateja wametoka chini ya laki tatu hadi zaidi ya milioni mbili. Mita za Yaka walituletea wao: lipa kwanza, washa baadaye. Enzi za UEB, shirika la stima la serikali la zamani, hata ofisi za serikali zilikuwa na madeni ya stima, na nani angethubutu kuzikatia?

(Kichekesho: nchi inayojidai haijui Kiswahili iliishi miaka 20 na kampuni yenye jina la Kiswahili, hakuna aliyenung'unika. Bei ndiyo iliyonung'unikiwa.)

Mama Posho, Tororo
Fundi, hesabu yako nzuri ila umeruka mstari. Mkataba uliiruhusu kampuni ile kupata faida ya asilimia 20 kwa mtaji iliouweka, na mimi sikuwa na mwingine wa kununua kwake. Nina mashine ya kusaga mahindi. Nikipandisha bei kidogo tu, wateja wanavuka barabara kwa jirani mwenye mashine ya dizeli. Mimi sijahakikishiwa hata asilimia mbili. Sasa soko ni lipi, langu au lao?

Fundi
Hapo umenikamata, mama. Lakini angalia Uganda Airlines. Ilikufa 2001, ikafufuliwa 2019 kwa fedha za umma, na mwaka wa fedha 2022/23 peke yake hasara ilipita shilingi bilioni 300. Shimo hilo linazibwa na kodi, hata ya mtu ambaye hajawahi kufika uwanja wa ndege wa Entebbe. Naogopa UEDCL isishike njia hiyo.

Mzee wa Jinja
Wanangu, mnagombana na konda, nauli imepangwa kwingine. Bwawa la stima la Bujagali, megawati 250, linafanya kazi tangu 2012, na mkataba wake unataka ilipwe kwa stima inayoweza kuzalisha, tuichukue tusiichukue. Karuma nayo, megawati 600, imejengwa kwa mkopo wa China na mkopo hausamehewi. Stima inabaki huko bwawani, vijijini watu wanawasha tochi. Na hayo yalisainiwa na serikali, si na msambazaji.

Mfanyakazi, Kampala
Msisahau NSSF, mfuko wa akiba za uzeeni za wafanyakazi. Kampuni ilipouza hisa 2012 mfuko wetu uliingia, kwa hiyo sehemu ya hiyo faida mnayoilaani ilirudi kwenye akiba zetu. Kinachonikosesha usingizi ni talaka yenyewe. Serikali ililipa takribani dola milioni 118, kampuni ikasema inadai zaidi ya milioni 290, wakapelekana kwa wasuluhishi London. Tukishindwa, sijui ni dawa za hospitali gani zitakatwa.

Fundi
Ndiyo maana nasema serikali isishike biashara, maana hata kuachana na mwekezaji inaachana kwa gharama.

Mama Posho
Au isisaini mikataba ya kumhakikishia mtu faida. Wewe unataka serikali itoke, mimi nataka dhamana itoke. Niletee wauzaji wawili wa stima hapa Tororo, nitaanza kuamini soko lako.

Mzee wa Jinja
Mama, wauzaji wawili haina maana nguzo mbili kila mlango. Nyaya ziwe za umma, wauzaji wawe wengi, kama taksi nyingi kwenye barabara moja.

Mama Posho
Sawa mzee wangu. Na mashimo ya barabara hiyo atayaziba nani?